Usiku wa Kinshasa na watu wa mikro: nani aliona vizuri?

Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974. Jua bado halijatoka. Katika raundi ya nane ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Harry Carpenter wa BBC, aliyeketi karibu na ulingo, anawaambia Waingereza kwamba Ali ameonekana kuchoka sana, kwamba mara kwa mara mikono yake inashindwa hata kunyanyuka. Kabla maneno hayo hayajapoa, Ali anatoka kwenye kamba, anapiga ngumi kadhaa za mfululizo, ya mwisho ikiwa ya kulia, na Foreman anazunguka kama mti uliokatwa na kuanguka chini. Carpenter anapiga kelele kwamba hakuna awezaye kuamini, kisha anataja jina la Mungu na kusema Ali amerudisha taji akiwa na miaka 32.

Kosa na ukweli vilitoka kwa mtu mmoja, ndani ya dakika moja. Ndiyo maana kipande hicho kingali kinazunguka kwenye telefone za watu zaidi ya miaka 50 baadaye, na ndiyo maana mjadala wa wapenzi wa ngumi kuhusu watangazaji bora wa televisheni unafaa kuanzia hapo, katika uwanja ambao zamani uliitwa 20 Mai na leo unaitwa Tata Raphaël, komini ya Kalamu.

Kwanza ieleweke kwa nini watu walipigana saa ambayo wakaaji wengi wa Kinshasa wangekuwa wamelala. Pambano lilianza karibu saa kumi za usiku ili New York iwe saa nne za usiku, tarehe 29. Raisi Mobutu alitaka jina la Zaire lisikike duniani, na Don King alikuwa ameahidi kila bondia dola milioni 5. Marekani watu hawakuangalia nyumbani: walilipa tiketi na kuingia katika sinema na kumbi zenye skrini kubwa, picha zikitoka Kinshasa kwa njia ya satelaiti. Pambano lenyewe lilipaswa kuwa tarehe 25 mwezi wa tisa, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini na kila kitu kikasogezwa kwa wiki tano. Tamasha la muziki lililopangwa liende pamoja na pambano lilikuwa limekwisha kufanyika, na waandishi wa habari wa kigeni waliobaki walikuwa na muda mwingi wa kukaa, kunywa bia na kuandika kwamba Ali atauawa.

Hilo la mwisho si mzaha. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, yote ameshinda, 37 kati yake kwa kumwangusha mtu. Joe Frazier, aliyemshinda Ali mwaka wa 1971, alianguka mara sita mbele ya Foreman katika raundi mbili tu, Kingston, Jamaika, mwezi wa kwanza 1973. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, naye hakupita raundi ya pili mbele ya Foreman, Caracas, mwezi wa tatu 1974. Howard Cosell wa ABC, mtangazaji aliyekuwa karibu na Ali kuliko wote Marekani, alitoka mbele ya kamera kabla ya pambano na kusema huenda wakati umefika wa kumuaga Ali, kwa kuwa haamini kwamba anaweza kumshinda Foreman. Hakuwa adui yake. Cosell ndiye aliyemwita kwa jina lake la Kiislamu wakati wengine waling'ang'ania Clay, na alimtetea aliponyang'anywa taji mwaka wa 1967 kwa kukataa kwenda jeshini. Alisema vile kwa huruma. Alikosea tu.

Kwa hiyo watu wa mikro walifika Kinshasa wakiwa tayari na hadithi kichwani: kijana mwenye nguvu atamvunja mzee. Na hadithi iliyokaa kichwani ndiyo adui wa kwanza wa mtangazaji, kwa sababu macho huanza kutafuta yale yanayoifanania.

Timu iliyosikika katika sinema za Marekani ilikuwa ya watu wanne. Bob Sheridan, waliyemwita "Kanali", ndiye aliyesimulia ngumi kwa ngumi. Pembeni yake waliketi Jim Brown, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyegeuka mwigizaji wa filamu, na Joe Frazier mwenyewe. David Frost, Mwingereza wa mahojiano, yule ambaye miaka mitatu baadaye angemhoji raisi wa zamani Nixon, alikuwa wa kuuliza maswali. Kwenye karatasi ni timu ya kutisha. Lakini ukiangalia jinsi kazi inavyogawanywa, ina matundu.

Kazi ya kutangaza ngumi kwenye televisheni ina sehemu mbili au tatu. Mmoja anasema kinachotokea. Wa pili, mara nyingi bondia au kocha wa zamani, anaeleza kwa nini kinatokea: mguu uko wapi, pumzi imebaki kiasi gani, nani anapiga hewa. Wa tatu, akiwepo, anauliza maswali ambayo mtu wa nyumbani angetaka kuuliza. Kinshasa ile nafasi ya pili, ambayo usiku huo ilikuwa muhimu kupita zote, alipewa Frazier. Frazier alikuwa amepigwa na Foreman mwaka uliotangulia, na amepoteza kwa Ali mwezi wa kwanza wa mwaka uleule, na kila mtu alijua bado anataka kupigana na Ali mara ya tatu, jambo lililofanyika Manila tarehe 1 mwezi wa kumi 1975. Mtu kama huyo anajua uzito wa ngumi za wote wawili kuliko yeyote duniani. Lakini huwezi kumwomba awe shahidi asiye na upande. Brown naye hakuwa bondia, na alikuwa amesimama hadharani upande wa Ali tangu 1967, wakati wa kesi ya jeshi. Sheridan, kwa ufupi, alikuwa na majina makubwa pembeni, na kazi ya kueleza ikamwangukia yeye mwenyewe.

Na kulikuwa na jambo gumu la kueleza. Katika raundi ya kwanza Ali alishangaza kwa kupiga mkono wa kulia moja kwa moja, ngumi ambayo bondia hamtupii mwenzake bila kutanguliza ya kushoto, maana ni ya dharau na ni ya hatari. Kuanzia raundi ya pili akarudi kwenye kamba, akajifunika, akamwacha Foreman apige. Kila aliyekuwa karibu na ulingo aliona maafa. Hata kona yake mwenyewe, kocha Angelo Dundee na wenzake, walimpigia kelele atoke pale. Leo kila mtoto anayeangalia video anajua ule ulikuwa mpango, sababu ameshasikia mwisho. Usiku ule, kusema "Ali anafanya makusudi" kulihitaji macho ya pekee.

Tukilinganisha sauti mbili, Sheridan na Carpenter, tofauti inatokea vizuri mwishoni. Foreman alipohesabiwa, Sheridan alitangaza kwamba Ali amefanikiwa, kwamba mtu mkuu amefanikiwa, halafu akageukia uwanja: akasema hajapata kuonekana furaha kama ile katika historia ya ngumi, kwamba mahali pote pamepagawa. Carpenter alibaki na mtu mmoja na umri wake. Sheridan aliwaona Wazairwa. Carpenter aliwaacha nyuma kama kelele. Kwa msomaji wa Congo hilo si jambo dogo, na kama kipimo kingekuwa ni nani aliwapa watu wa Kinshasa nafasi katika usiku wao, Sheridan angepita bila ubishi.

Lakini kwa kazi yenyewe, Carpenter ni bora. Alisema alichokiona alipokiona, bila kupamba, kosa lake likabaki wazi, na ukweli ulipomgeukia hakutafuta njia ya kujitetea. Hakusema "kama nilivyosema". Sauti yake inavunjika katikati ya sentensi na msikilizaji anavunjika nayo. Watangazaji wengi waliokuja baadaye wangetumia nusu dakika ile kueleza kwa nini walikuwa na haki.

Carpenter si malaika. Tarehe 25 mwezi wa pili 1989, Las Vegas, Mwingereza Frank Bruno alipomyumbisha Mike Tyson katika raundi ya kwanza, Carpenter alisahau kazi na kupiga kelele ya kumsukuma Frank aingie. Waingereza walimsamehe, wengi walimpenda zaidi. Tyson alishinda raundi ya tano.

Kabla ya hawa wote alikuwepo Don Dunphy, ambaye kizazi cha leo hakimjui. Alianza kwenye redio, akatangaza pambano la Joe Louis na Billy Conn mwaka wa 1941, na alipohamia televisheni alielewa jambo ambalo wengi hawajaelewa hadi leo: anayeangalia ana macho. Kwenye redio unajaza kila sekunde. Kwenye televisheni unaacha picha iseme, unaongeza lile tu lisiloonekana. Usiku wa kwanza wa Ali na Frazier, tarehe 8 mwezi wa tatu 1971, Dunphy aliketi na mwigizaji Burt Lancaster na bingwa wa zamani Archie Moore. Moore huyo huyo miaka mitatu baadaye alikuwa Kinshasa, kwenye kona ya Foreman. Tabia ya kuweka nyota wa filamu kwenye mikro ya ngumi haikuanzia basi kwa Jim Brown, na haijawahi kuzaa matunda makubwa.

Dunphy ndiye pia aliyekuwa hewani usiku mbaya. Tarehe 24 mwezi wa tatu 1962, New York, Emile Griffith alimpiga Benny Paret kwenye pembe ya ulingo katika raundi ya 12 hadi Paret akaninginia kwenye kamba bila fahamu. Paret alikufa siku kumi baadaye. Watu waliona nyumbani, kwenye sebule, pamoja na watoto. Mtangazaji wa ngumi anafanya kazi akijua hilo linaweza kurudi usiku wowote, na namna anavyojibeba wakati huo ni kipimo ambacho hakionekani kwenye orodha za "bora kumi". Lilirudi tarehe 13 mwezi wa 11 1982, Mkorea Duk Koo Kim alipoanguka mbele ya Ray Mancini katika raundi ya 14 na kufa siku chache baadaye, nalo likaonyeshwa moja kwa moja. Majuma mawili hayakuisha, Cosell akaketi Houston kuangalia Larry Holmes akimponda Randall Cobb raundi zote 15, mwamuzi akiacha. Cosell alitangaza kwa hasira, na baada ya hapo akaacha kabisa ngumi za kulipwa. Wapo waliosema alichelewa, kwa sababu mchezo huo ndio uliomtajirisha. Wapo waliosema angebaki ili akemee. Lakini kati ya watu wa mikro wa wakati wake, yeye ndiye aliyeondoka akisema kwa nini.

Jambo la ajabu kuhusu Kinshasa ni kwamba usiku ule ulizalisha watangazaji. Katika kona ya Ali alikuwepo daktari Ferdie Pacheco wa Miami. Mwaka wa 1977, baada ya pambano gumu la Ali na Earnie Shavers, Pacheco alipata majibu ya maabara yaliyoonyesha figo za Ali zinaharibika. Alipeleka barua kwa wahusika, hakujibiwa, akaondoka. Akahamia televisheni, kwanza NBC, baadaye Showtime. Alikuwa mtangazaji mwenye maneno mengi na maoni makali, na mara nyingine aliamua nani ameshinda kabla pambano halijafika nusu. Hata hivyo alikuwa na kitu ambacho Frazier, Brown na Lancaster hawakuwa nacho: akimwona mtu anapigwa aliweza kusema, kama daktari, kinachoendelea ndani ya mwili wake. Kwenye mchezo ambao kila mtu anasifia "moyo" wa anayekataa kuanguka, sauti moja inayosema "huyu atolewe" ina thamani.

Wa pili ni Foreman mwenyewe.

Baada ya Kinshasa, Foreman alitoa sababu zote: kamba zilikuwa zimelegea, hesabu ilikwenda haraka, maji aliyopewa yalikuwa na dawa. Ilimchukua miaka kukubali kwamba alipigwa tu. Aliacha ngumi 1977, akawa mchungaji Houston, akarudi ulingoni 1987 akiwa mnene na wa kuchekesha, na miaka ya 1990 HBO ikamweka kwenye mikro pamoja na Jim Lampley na Larry Merchant. Timu hiyo, pamoja na Harold Lederman aliyekuwa akihesabu pointi pembeni kwa sauti yake ya kupiga kelele, ndiyo ambayo wengi wanaitaja wakiulizwa ni ipi iliyokuwa bora kuliko zote.

Kila mmoja alikuwa na kazi tofauti, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lampley aliendesha gari: sentensi safi, sauti inayopanda wakati unaofaa. Merchant, mwandishi wa zamani wa magazeti, alikuwa mtu wa kuudhi. Aliuliza bondia swali ambalo meneja wake hakutaka liulizwe. Mwezi wa tisa 2011, Floyd Mayweather alimtukana moja kwa moja ulingoni baada ya kumpiga Victor Ortiz, akamwambia afukuzwe kazi. Merchant, mzee wa miaka 80, akamjibu kwamba laiti angekuwa kijana kwa miaka 50 angemchapa. Foreman alikuwa tofauti na wote wawili. Alibishana na Merchant kila wiki, alikosea waziwazi, alitabiri mambo yasiyotokea. Lakini aliongea kama mtu aliyewahi kuishiwa pumzi mbele ya macho ya dunia nzima. Aliposema fulani anatupa ngumi nyingi mno na baadaye atalipa, kila aliyekumbuka Kinshasa alijua alijifunzia wapi.

Kilele cha timu hiyo kilikuja siku ambayo Foreman hakuwa kwenye mikro bali ulingoni. Tarehe 5 mwezi wa 11 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, alipigana na bingwa Michael Moorer. Alivaa kaptula nyekundu ileile ya Kinshasa. Kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, ambaye miaka 20 kabla alikuwa kona ya upande wa pili. Moorer alimpiga raundi tisa, akiongoza kwa majaji wote watatu. Katika raundi ya kumi Foreman akapiga mkono wa kulia mfupi, na Moorer akakaa chini hakuinuka. Lampley akapaza sauti kwamba imetokea, imetokea.

Maneno hayo mawili yana historia. Lampley alikuwa amemuuliza mwenzake kabla ya pambano atashindaje, na Foreman akamwambia utafika wakati, mwishoni, Moorer atakuja kusimama mbele yake na kujiacha apigwe. Lampley aliketi raundi tisa akiona hilo halitokei, halafu likatokea. Kinshasa watangazaji walizimwa na ngumi ambayo hakuna aliyewaambia inakuja. Las Vegas mtangazaji alikuwa ameambiwa, na bado alishangaa. Hapa ndipo faida ya timu iliyokaa pamoja miaka mingi inapoonekana: wanaongea chakula cha jioni, wanajuana, na kile kinachosemwa mezani kinaingia hewani bila mtazamaji kujua kilitoka wapi.

Showtime, upande wa pili, haikuwa na jina kubwa kama hilo, lakini ilikuwa na Al Bernstein. Bernstein hakuwahi kuwa bingwa wala hakuwa mtu wa ugomvi. Anaeleza kwa utulivu bondia gani amebadilisha nini kati ya raundi ya tatu na ya nne, kisha ananyamaza. Wapenzi wa Lampley humwona baridi. Lakini mtu akitaka kujifunza ngumi, na si kulia tu, angemchukua Bernstein. Tarehe 2 mwezi wa tano 2015, Mayweather na Pacquiao walipokutana hatimaye na vituo viwili vikalazimika kushirikiana, mikro ziligawanywa kati ya Lampley, Bernstein na Roy Jones. Kwa majina, hakuna timu iliyopita hiyo. Pambano lenyewe likawa la kuchosha, na majina makubwa hayakuweza kulitia chumvi.

Ubaya wa timu kubwa ni kwamba watu huiamini. Tarehe 9 mwezi wa sita 2012, Pacquiao alipopigana na Timothy Bradley, HBO nzima ilimwona Pacquiao akishinda kwa mbali. Lederman alimpa 119 kwa 109. Majaji wawili kati ya watatu wakampa Bradley, 115 kwa 113. Dunia ikasema wizi. Baadaye baadhi ya watu walirudia pambano lile wakiwa wamezima sauti, wakasema raundi nyingi zilikuwa za karibu kuliko walivyoambiwa. Chama cha WBO kikaita majaji wengine watano waangalie video, na wote watano wakampa Pacquiao. Kwa hiyo timu ya HBO haikukosea kuhusu mshindi. Ilikosea kuhusu umbali, na umbali ndio uliofanya watu wakasirike vile.

Mtu anayetaka kulinganisha timu za watangazaji afanye hivyohivyo. Aangalie raundi tatu bila sauti, aandike pointi zake, halafu arudishe sauti. Timu nzuri itamwonyesha kitu ambacho hakukiona. Timu mbaya itamwambia aone kitu ambacho hakipo.

HBO iliacha ngumi mwishoni mwa 2018, baada ya miaka 45. Ilikuwa imeanza na pambano lilelile la Foreman na Frazier, Kingston 1973, mtangazaji akiwa Don Dunphy. Leo mapambano makubwa yamehamia kwenye majukwaa ya intaneti, na mengi yanafanyika Saudi Arabia, ambako anayelipa pambano hulipa pia matangazo yake. Ni vigumu kumwona Merchant wa leo akimuudhi mwenye hela ulingoni.

Kuna upande mwingine wa hesabu hii ambao wapenzi wa ngumi wa Congo wanaujua vizuri. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1956, akahamia Italia, na mwezi wa kumi 1987 akawa bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati kwa kumshinda Iran Barkley, Livorno. Mwaka uliofuata akamshinda Mike McCallum, mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemshinda. Ulaya walimtaja kama Mwitaliano. Marekani wengi wanamkumbuka kwa sekunde 88 tu, zile ambazo Michael Nunn alimwangusha mwezi wa tatu 1989. Kazi yake bora aliifanya Ulaya, mbali na mikro za Marekani, na mbali na macho yao hakuna aliyempa hadithi.

Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alichukua mkanda wa WBC uzito wa cruiser Kinshasa yenyewe, tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020, kwa kumshinda kwa pointi Michał Cieślak wa Poland. Ni tukio kubwa la ngumi katika mji ule tangu 1974, ingawa nje ya Congo halikutajwa sana. Ndugu yake, Martin Bakole, alimzima Jared Anderson raundi ya tano, Los Angeles, mwezi wa nane 2024, na ghafla watangazaji wa Kiingereza wakamgundua. Miezi sita baadaye, mwezi wa pili 2025, aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano kuchukua nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alifika na uzito wa ratili 315, akapigwa na Joseph Parker katika raundi ya pili. Mtu aliyemwona Bakole mara ya kwanza usiku ule ataondoka na picha ya mtu mnene asiye na mazoezi. Zile siku mbili ndizo mtangazaji anazopaswa kuzirudia hadi mtazamaji achoke kuzisikia, kwa sababu bila hizo pambano lenyewe ni uongo.

George Foreman alikufa tarehe 21 mwezi wa tatu 2025. Carpenter, Frazier, Frost, Pacheco, Ali, Brown na Sheridan walikuwa wametangulia. Kaseti za usiku ule zimebaki, na mtu akisikiliza ya Carpenter kwa makini, chini ya sauti yake, nyuma ya Kiingereza chote, inasikika sauti ya uwanja mzima ikiimba kwa Lingala: Ali, boma ye. Hakuna mtangazaji aliyeihitaji kuitafsiri.